Chupa Saba za Bwana Nyuzi

Asubuhi aliyokwenda kulazwa, Bwana Nyuzi alipitia maabara kwanza. Alivua kofia, akaegemea ukingo wa meza kwa mkono mmoja maana tumbo lilikuwa limeanza kumkata tena, akamsukumia Mama Kidoti daftari lenye gamba jeusi.

"Haya mama," alisema. "Nitunzie watoto."

"Shaka ondoa, mzee."

"Shaka nakuachia wewe. Mimi naenda kuchanwa tumbo, nina ya kwangu ya kutosha."

Watoto wenyewe walikuwa ndani ya kabati la joto, nyuma ya mlango wa kioo, chini ya taa mbili nyembamba zisizozimwa: chupa saba zenye tako pana na shingo nyembamba, kila moja imezibwa pamba mdomoni, kila moja na maji ya kijani kibichi kama majani ya mgomba yaliyonyeshewa. Kwa mtu apitaye ni maji machafu tu. Bibi wa Stoo, mtunza vifaa wa pale, aliyaita "supu ya mzee." Lakini kila tone la supu ile lilikuwa na bakteria maelfu kwa maelfu, viumbe visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hula mwanga kama mmea unavyokula mwanga, na havina mzizi wala jani.

Jina la Bwana Nyuzi alipachikwa na watu wa stoo, kwa sababu hakuna kitu asichokiulizia nyuzi joto zake. Chai, maji ya kunawa, paji la uso la mtoto wa mtu. Ukimwambia leo baridi imezidi, atakuuliza, "Nyuzi ngapi?" Na ukisema hujui, basi umekwisha.

Mama Kidoti alikuwa mhudumu pale. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuosha vyombo vya kioo na kufuta meza. Asubuhi humwachia mama mkwe mwanawe, kale kasichana ka miezi saba kenye doa jeusi juu ya mdomo kalikompa yeye jina, mchana huosha, jioni, siku nne kwa wiki, huenda darasa la watu wazima kumalizia masomo aliyoyakatisha. Bwana Nyuzi alipogundua kwamba anasoma baiolojia, alimvutia kiti kirefu karibu na kabati, na tangu hapo kila saa ya chai ikawa darasa la pili.

"Nyumbani unapikia mafuta gani?" alimuuliza siku moja.

"Ya kopo. Mwezi ukiwa mzuri, ya chupa."

"Asubuhi ya baridi, ya kopo yanakuwaje?"

"Magumu. Mpaka uyachote kwa kijiko."

"Na ya chupa?"

"Yanamiminika tu."

"Sasa hawa ngozi yao yote ni mafuta. Utando mwembamba, kila chembe ya mafuta ina mkia, zimesimama mistari miwili, mikia imetazamana. Joto likiwepo, wanatumia mafuta ya aina ile ya kopo, mikia yake imenyooka. Baridi ikija, mikia iliyonyooka inabanana kama njiti za kiberiti kwenye kasha. Ngozi inakakamaa, inapata nyufa, yaliyomo yanavuja. Kwa hiyo wanafanyaje?"

"Wanakufa?"

"We! Wanakunja mikia. Mmoja baada ya mwingine, wanaupinda. Njiti iliyopinda haibanani na mwenzake. Ngozi inarudi kuwa laini, maisha yanaendelea. Hawana koti, mama, hawana blanketi. Wanajishona ngozi upya wakiwa wameivaa."

Mama Kidoti alicheka hadi akaweka kikombe chini. Akilini alimwona mtu akishona gauni mwilini mwake, sindano mdomoni, huku anatembea. Jioni ile aliandika maneno hayo pembeni mwa daftari lake la shule.

Jambo moja Bwana Nyuzi alilisema mara moja tu, akiwa amempa mgongo. Maji ya kwanza yalichotwa na mkewe, aliyekuwa mtafiti wa maabara hiyo hiyo. Aliinama kwenye chemchemi ya maji ya uvuguvugu, akachovya chupa, akasema, "Hawa nawapenda rangi." Mwaka uliofuata alifariki. Chemchemi yenyewe ikafukiwa wakati wa kujenga barabara. Mara tatu Bwana Nyuzi alijaribu kuwagandisha wachache wawe akiba, na mara tatu hawakuamka. Kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa aliwahamisha, kila wiki mbili, kutoka chupa kuukuu kwenda chupa mpya, kwa mkono wake. Duniani hapakuwa na wengine wa ukoo ule. Walikuwa saba, ndani ya kabati.

Siku ya tatu tangu mzee alazwe, Mama Kidoti alikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Mafundi wanabadilisha mtambo wa umeme. Umeme ungekatwa saa mbili asubuhi ile, urudi kesho yake saa kumi jioni.

Ulikuwa msimu wa baridi. Ukizungumza, pumzi inaonekana.

Alikimbilia kwa Mkuu wa Maabara. Mkuu alikuwa akifunga faili zake.

"Mkuu, kabati la mzee. Wale wanakaa nyuzi thelathini na nane."

"Siku mbili tu, mama. Vijani vya maji vitadai nini?"

"Tungepata jenereta—"

"Jenereta ni ya friji za dawa. Nikiichomoa dawa kwa ajili ya supu, mimi na wewe tutakwenda kuuza karanga."

Alipiga simu kwa binti wa Bwana Nyuzi. Ilipokelewa kwa sauti ya chini: baba yuko chumba cha upasuaji, ameingia sasa hivi, tafadhali.

Basi akarudi kwenye daftari jeusi. Ukurasa wa baridi aliujua. Mwandiko wa mzee ulikuwa mdogo, umesimama wima kama askari: *Shusha nyuzi mbili kila siku. Usizidishe. Mwanga usikatike.* Alisoma mara tatu. Nyuzi mbili kila siku haikuwezekana. Umeme ukikatika wangeporomoka kutoka thelathini na nane hadi baridi ya chumba. Na mwanga? Mwanga aliuelewa. Mwanga ni chakula chao, mwalimu wa jioni alikwisha kulifundisha somo hilo na yeye akapata alama nane kwa kumi. Mtu akilala njaa siku moja hafi. Lakini baridi inaua. Kati ya njaa na baridi, mama gani angechagua baridi?

Saa mbili taa za kabati zilizimika. Kimya kikaingia chumbani, kwa sababu hata ule mngurumo ambao hakuwahi kuusikia ulikuwa umekoma.

Alifungua mkoba. Mlikuwa na blanketi la Kidoti, lile la sufu la manjano analomfungia asubuhi njiani na kulitoa akishamfikisha kwa bibi. Akatafuta boksi la karatasi za kuchapia, akatandika magazeti, akazipanga chupa moja moja zikiwa bado na joto mikononi mwake kama mayai yaliyotagwa sasa hivi. Akazifunika, akachomeka pindo kila upande, akafunga boksi. Zilienea sita. Ya saba ilikataa kuingia. Kila akiisukuma, pamba za wenzake zinataka kutoka. Akaiweka dirishani, kwenye ukingo wa zege, penye mwanga mweupe wa siku ya mawingu.

"Wewe utanisamehe," aliiambia.

Bibi wa Stoo alikuwa mlangoni amejifunga shuka juu ya koti. "Mwenzangu, unaongea na chupa? Mzee amekuambukiza."

"Naona hivyo."

"Na hilo blanketi, mtoto jioni atajifunika nini?"

"Atalala kifuani kwangu."

"Haya. Wenye watoto wengi tunawajua."

Siku ile nzima aliosha vyombo kwa maji yaliyomkata vidole, na kila mara alipopita karibu na boksi aliliwekea kiganja juu. Aliona fahari kidogo, ile ya mtu aliyejiongeza pasipokuwa na wa kumwongoza. Aliwaza atakavyomsimulia mzee, na mzee atakavyouliza nyuzi, na yeye atakavyokuwa na jibu.

Kesho yake asubuhi alikuta kipimajoto cha ukutani kinasoma kumi na moja. Boksi hakulifungua, asije akaingiza baridi. Akaenda dirishani.

Chupa ya saba ilikuwa bado ya kijani. Kilikuwa kijani kilichopauka kidogo, kama nguo iliyofuliwa mara moja, lakini kijani. Aliishika. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na ubaridi ule ulimpanda mkononi hadi kwenye kwapa. Roho ikamuuma. Usiku mzima wenzake wamelala ndani ya sufu, nayo imekaa peke yake kwenye zege, kioo mbele na kioo nyuma. Ilimjia picha ya mtoto aliyesahauliwa nje kwa sababu kitanda kimejaa.

Akafungua skafu yake shingoni. Akaifunga chupa ile kuanzia tako hadi shingo, mizunguko minne, akaiingiza ndani ya kabati la vyombo lenye giza na kufunga mlango taratibu, kama mtu anayetoka chumba alicholala mgonjwa.

Umeme ulirudi saa kumi kamili. Alikuwa tayari amesimama mbele ya boksi. Bibi wa Stoo alikuja kushuhudia, mikono kiunoni.

Alifunua blanketi.

Maji yalikuwa ya buluu. Buluu safi, inayong'aa, isiyo na hata chembe ya kijani, na chini ya kila chupa kulikuwa na vumbi la rangi ya majivu.

"Heh!" alisema Bibi wa Stoo. "Kumbe wanapendeza hivi! Kama wino."

Kwa muda wa pumzi moja Mama Kidoti naye alidhani ni uzuri. Kisha alilifungua daftari, akapekua kurasa za nyuma ambazo hakuwahi kufika, na akaikuta, kwa mwandiko ule ule wa askari: *Maji yakigeuka buluu, ngozi zimepasuka. Rangi ya ndani imevuja. Wamekufa.* Na chini yake: *Kukunja mikia ni kazi, na nguvu ya kazi hiyo wanaitoa kwenye mwanga. Baridi pamoja na giza hawaiwezi. Baridi pamoja na mwanga, pengine.*

Alisoma neno *pengine* hadi likaacha kuwa neno. Kisha akakimbilia kabati la vyombo, akairarua skafu. Ya saba ilikuwa na kijani juu, na kutoka chini buluu ilikuwa ikipanda, polepole, kama moshi unaopanda chumba kisicho na upepo. Akaiweka chini ya taa. Akawasha joto. Akailegezea pamba iingie hewa, akaisemesha, akaiomba. Siku ya tatu ilikuwa maji meupe yenye majivu.

Hospitalini, saa ya kuona wagonjwa, binti wa Bwana Nyuzi alimdaka kwenye korido kabla hajafika mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene mwenye macho ya mzee yule yule, na macho yalikuwa yamevimba.

"Walifungua wakafunga," alisema. "Umenielewa? Walifungua, wakaona, wakafunga. Hakuna la kufanya."

"Pole, dada."

"Toka juzi anaulizia chupa. Mimi haniulizii, wajukuu hawaulizii, anaulizia chupa." Alijifuta pua. "Haziko sawa, eti? Nakuona usoni."

Mama Kidoti alitikisa kichwa.

"Basi sikiliza, mdogo wangu. Mwambie wazima. Mwambie kijani. Siku zenyewe tunazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, usimharibie."

"Sawa, dada."

Na alikuwa amekubali kwa dhati. Aliingia chumbani amelibeba neno *kijani* mdomoni kama kidonge.

Bwana Nyuzi alikuwa amepungua hata shuka ilionekana imetandikwa juu ya kitanda kitupu. Aligeuza kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kidoti mzima?"

"Mzima, anatoa jino."

"Joto linapanda?"

"Kidogo. Thelathini na saba na nusu."

Uso ulimchangamka. "Umepima! Mama umekuwa mtu." Akapumzika, akavuta pumzi. "Nasikia walikata umeme."

"Ndiyo, mzee."

"Kesho niletee chupa moja. Moja tu. Uiweke hapo dirishani niione nikiamka."

Kidonge kikakwama kooni. Angeweza kusema *kijani* leo, lakini kesho angeleta nini? Angepaka rangi maji? Alimtazama mzee, na mzee alikuwa akimtazama kama alivyokuwa akitazama kipimajoto, bila hasira wala huruma, akisubiri tu kisome.

"Rangi gani?" aliuliza Bwana Nyuzi.

"Buluu," alisema Mama Kidoti. "Zote. Niliwaua mie."

Akamwambia. Boksi, magazeti, blanketi la mtoto, pindo alizochomeka. Alieleza alivyoelewa kwamba mwanga ni chakula, na njaa ya siku moja haiui. Hakulia, kwa sababu aliona hana haki ya kulia kwanza. Mzee alisikiliza amefumba macho. Alipofika kwenye chupa ya saba, yakafumbuka.

"Hiyo haikufunikwa?"

"Haikuenea. Niliiacha dirishani."

"Asubuhi ya pili ilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Kijani kilichopauka."

"Nyuzi?"

"Kumi na moja."

"Kutoka thelathini na nane?" Alijaribu kuinuka kwa kiwiko, akashindwa. "Mara moja? Bila ngazi?"

"Mara moja, mzee."

"Kisha?"

"Kisha nikaionea huruma," alisema, na hapo sauti ikamvunjika. "Nikaifunga skafu. Nikaiweka kabatini."

Kitanda cha pili mgonjwa alikohoa. Bwana Nyuzi aligeukia ukuta, na mabega, yale mabega yaliyokwisha kuwa mifupa, yakatikisika mara moja, kisha yakatulia. Mama Kidoti alisubiri mpaka akaona kusubiri nako ni kumsumbua, akatoka.

Binti alisoma uso wake. "Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Nilikuomba kitu kimoja." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Kimoja tu nilikuomba." Akampita, akaingia, mlango ukajifunga.

Mama Kidoti aliketi kwenye benchi la korido. Maziwa yalikuwa yamejaa, saa ya Kidoti kunyonya ilishapita, na kifua cha gauni kilianza kulowana. Alilikumbatia daftari jeusi juu ya unyevu ule. Aliwaza yule mwanamke asiyemjua aliyeinama penye maji ya uvuguvugu akapenda rangi. Aliwaza mamilioni ya wale wadogo ndani ya giza la sufu, wanahisi ngozi inakakamaa, wanajua la kufanya, wametafuta mwanga kidogo tu wa kufanyia, na mwanga ameuzima mtu anayewapenda. Hapo ndipo alipolia, ameinamia daftari ili asisikike.

Mlango ulifunguka. Binti alisimama, hakumtazama.

"Anakuita. Anasema kuna saa hukumwambia."

Bwana Nyuzi alikuwa amegeuzwa, amelala chali, macho mekundu.

"Uliifunika saa ngapi?"

"Saa tatu na robo asubuhi."

"Umeandika?"

"Hapana, mzee. Niliona aibu."

"Fungua ukurasa mpya. Tarehe. Andika: chupa ya saba. Nyuzi thelathini na nane kushuka kumi na moja, kwa mara moja. Mwanga wa dirisha." Alisubiri kalamu imfikie. "Ilikaa kijani kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tatu na robo kesho yake. Sasa andika uliyoyafanya. Usilainishe."

Aliandika. *Nikaifunika, nikaiweka gizani. Buluu ilianza kabla ya saa kumi jioni.* Mwandiko wake ulikuwa wa duara, wa mtu wa darasa la jioni, mkubwa mno pale chini ya mistari ya askari. Mzee alinyoosha mkono, akalivuta daftari karibu na macho, akasoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe yalivyohitaji.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "nawashusha ngazi kwa ngazi kama bibi harusi. Sikuwahi kuthubutu kuwaacha. Niliogopa watakufa." Pumzi ikamkatika, ikarudi. "Na walikuwa wanaweza. Angalau siku moja, walikuwa wanaweza."

Machozi yalimtoka pembeni, yakateremka hadi sikioni, kwa kuwa alikuwa chali na hakuwa na nguvu za kuyafuta. Mama Kidoti alisita, kisha akayafuta kwa kiganja. Mzee hakukataa. Dirishani, kando ya ukingo mtupu, binti alikuwa amesimama amewapa mgongo.

Muuguzi alipita akigonga milango kwamba muda umekwisha.

"Nenda," alisema Bwana Nyuzi. "Umelowa, mtoto ana njaa." Akamrudishia daftari. "Kesho uje mapema. Zile sita bado hujaziandika."

Hakusema amesamehe, na yeye hakuuliza. Alivaa koti, akalifunga hadi juu, akatoka na daftari kwapani.